Marciana na Vichwa vya Majedwali

Marciana hakuruhusu jedwali litoke dukani bila kichwa. Ungeweza kumletea ratiba ya ligi ya kata, zamu za kusafisha kanisa au mahitaji ya kamati ya harusi, mistari imepigwa kwa rula na kalamu ya bluu. Kabla hajagusa kitufe alikuuliza hili jedwali linaitwaje. Ukimjibu kwamba halina jina, alikutazama kama anayemtazama mzazi aliyempeleka mtoto kuandikishwa shule huku bado anamwita "wewe". Kisha alilipa jina yeye mwenyewe, hapo hapo, na mara nyingi lilikuwa jina zuri.

Mimi ndiye mwenye duka. Naitwa Perpetua, na duka langu la steshenari liko Kilosa mjini, nyuma ya soko. Watu husema nina hasira za karibu. Sikatai, ila hao wasemao hivyo hawajawahi kukaa chumba kimoja na Marciana wakati printa imekwama na yeye anataka kupandisha kichwa cha jedwali juu kidogo, kidogo tu, ili kipumue.

Alikuja kwangu miaka ile mashirika na mashamba ya serikali yalipokuwa yakiuzwa kwa watu binafsi. Alikuwa mpiga chapa wa shamba moja la mkonge kule Kimamba. Shamba likapata mwenyewe mpya, mwenyewe mpya akaja na watu wake, na Marciana akaambiwa asante kwa utumishi. Aliingia dukani amevaa gauni lililonyooshwa kwa pasi ya mkaa, kwapani ana faili lenye karatasi. Nilidhani ni vyeti. Kufungua, ni majedwali tu: mkonge uliokatwa, mvua ya mwaka, matrekta mabovu. Kila kichwa kwa herufi kubwa, kimepigiwa mstari, kimekaa katikati ya karatasi bila kuyumba. Nilimuuliza aliwezaje kukipata katikati kwa mashine ile ya kugonga. Akasema unahesabu herufi za kichwa, unagawa kwa mbili, unarudi nyuma kutoka katikati. Alisema hivyo kama mtu anayekueleza namna ya kuosha mchele. Nikamwajiri siku ile ile.

Kwao ni Bukoba. Mumewe alikuwa fundi wa reli, ndiye aliyemleta huku. Mumewe alipofariki, Marciana aliusindikiza mwili kwenda kuzikwa nyumbani, na matanga yalipokwisha mashemeji walimkalisha kitako. Walimweleza kwa upole kwamba kibanja na migomba yake vinabaki kwa wenyewe, maana yeye hakuzaa mtoto wa kiume. Alikuwa na Oliver tu, binti yake, ambaye siku hizi ameolewa Mikumi. Wakampa kuku wa njiani, akarudi. Mimi nilipohadithiwa nilipandwa na hasira kana kwamba kibanja ni changu. Yeye alinishangaa. Shamba ni la mwanamume na wanawe, alisema, mambo ndivyo yalivyo, na akaniomba nimpishe kwenye mwanga kwa sababu alikuwa anachapa.

Kompyuta nilipoinunua Dar es Salaam, yeye ndiye niliyempeleka kujifunza. Alirudi na malalamiko mengi. Hakupenda kwamba ukikosea kosa linafutika bila kuacha alama. Alisema mtu atajifunzaje. Lakini alipenda kitu kimoja, na alikipenda hadi kikanikera. Ukilichagua jedwali, unaiambia kompyuta iweke kapsheni, nayo yenyewe inaandika kichwa juu yake na kukipa namba. La kwanza moja, la pili mbili. Ukichomeka jedwali jipya katikati na kulipa kapsheni yake, yaliyo nyuma yanasogea na kubadilisha namba bila kuambiwa. Ukimaliza, inakuandikia hata orodha ya majedwali yote kwa ajili ya ukurasa wa mbele. Mwanzoni ilikuwa inataka kuandika neno la Kiingereza. Marciana akapekua, akapata mahali pa kuifundisha neno jipya, na tangu hapo kompyuta yangu ikawa inaandika "Jedwali la" kwa ufasaha zaidi kuliko baadhi ya maofisa wa wilaya.

Hata hivyo hakuiamini. Baada ya kila kazi alipitia karatasi kwa penseli, akihesabu namba moja moja, midomo ikimchezacheza. Na kichwa lazima kikae juu. Mwanafunzi mmoja wa chuo alimwomba akiweke chini ya jedwali, alivyoona katika kitabu fulani. Marciana alimuuliza kama kwao mgeni hupiga hodi wakati wa kutoka. Yule kijana alicheka, kichwa kikabaki juu.

Basi ndivyo tulivyokuwa tukiishi, mimi nikigombana na printa, yeye akiwapa watu majina ya majedwali yao, hadi Jovin alipoleta taarifa ya kijiji.

Jovin alikuwa mtendaji wa kijiji kimoja kule Masanze. Kijana mpole, mchapakazi, mwenye mwandiko wa kuku aliyekanyaga matope. Alimwamkia Marciana shikamoo, akaitikiwa marahaba, akamwaga mezani makaratasi ya upimaji wa mashamba ya bondeni. Wakati ule watu wenye uwezo walikuwa wameanza kuja kutafuta ardhi yenye maji, na kijiji kiliona heri kiandike mashamba yake kabla hayajaandikwa na wengine. Taarifa ingebandikwa ubaoni watu waisome, kisha mkutano mkuu wa kijiji ungeipitisha. Ndani yake mlikuwa na sentensi moja nzito: hati zitaandaliwa kwa kufuata majina yaliyo katika Jedwali la 3.

Jedwali lenyewe la tatu halikuwa na kichwa. Lilikuwa na majina, ukubwa wa shamba, zao na jirani wa mpakani, basi. Jovin alikwenda kila shamba akaandika jina la aliyemkuta na jembe, au la mkuu wa kaya kama hakumkuta mtu. Karibu wote walikuwa wanaume. Alipokuwa akiharakisha kuwahi gari, Marciana alimuuliza jedwali hili linaitwaje. Akasema mama, andika unavyoona inafaa.

Akaandika alivyoona inafaa. "Jedwali la 3: Wenye Mashamba ya Bondeni." Mtoto wa Bukoba akiona majina ya wanaume yamepangwa na eka zao, aandike nini kingine?

Kwetu Usagara, yaani huku Kilosa, mambo ni tofauti. Ukoo wetu unafuata mama. Shamba la bondeni alilolima bibi linakwenda kwa mama, kwa wajomba, kwa binti. Mume anahamia, analima, anakula na watoto wake, lakini shamba si lake. Na wanaume wetu wanalijua hilo tangu utotoni, kwa kuwa kila mmoja ana shamba lake kwao kwa mama yake. Jambo hili halijawahi kuandikwa popote, kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza.

Taarifa ilibandikwa ubaoni. Haikuchukua muda, Costancia akaingia dukani kwangu.

Costancia ni mtu wa Masanze, rika la Marciana, mwembamba, msemaji wa taratibu. Alikuja na karatasi ameikunja ndani ya khanga. Tukasalimiana, akauliza nani aliyechapa hii. Marciana akasema ni yeye, na nikaona kabisa kwamba alikuwa anangojea kusifiwa. Costancia akaikunjua mezani, akaweka kidole kwenye jina la mumewe, Anselmi, kisha akakipandisha kidole taratibu mpaka kwenye kichwa.

"Dada, shamba hili alilima bibi yangu," alisema. "Akalima mama, nalima mimi. Anselmi nilimkaribisha. Sasa hapa umemwandika mwenye shamba."

Tulimpa kiti, akaeleza. Anselmi hakuwa na neno, wala hakuomba kuandikwa. Tatizo lilikuwa mdogo wake Anselmi, aitwaye Cleopa, anayefanya kazi kwenye miwa kule Ruhembe. Huyo alikuwa ameiona ile karatasi, na siku iliyofuata alileta mtu anayetaka kulima vitunguu kwa pampu, akamtembeza shambani akimwonyesha mipaka. Alimwambia kaka yake kwamba imekwisha kuchapwa, kichwa kinasema, kilichobaki ni mkutano kupitisha na shamba liuzwe. Anselmi alinyamaza tu. Anselmi ni mtu ambaye hajawahi kumkatalia mdogo wake kitu tangu wazazi wao wafariki, na hicho ndicho kilichokuwa kinamnyima Costancia usingizi. Mkutano ulikuwa Jumamosi.

Mimi nilikuwa nimeanza kufoka, nikimfokea Cleopa ambaye hayupo. Nilipogeuka nikamwona Marciana. Alikuwa ameishika ile karatasi kwa mikono miwili, uso umemshuka. Aliuliza swali moja, na aliniuliza mimi, si Costancia. Aliuliza kama ni kweli huku mwanamke anaweza kufiwa na mume na shamba likabaki. Nikamwambia huku mume akifa, shamba halina habari. Linaendelea kuwa la kina mama kama lilivyokuwa jana.

Aliketi mbele ya kompyuta. Nimeishi na mtu yule miaka, nimemwona akitoka kufukuzwa kazi, akiugua malaria, akimwoza binti yake wa pekee, na sikuwahi kumwona machozi. Siku hiyo yalimtoka, akayaacha yatiririke bila kuyafuta, huku akiwasha kompyuta.

Tulimwita Jovin, akaja mbio na baiskeli ya kuazima. Masikini alikaribia kulia naye. Alisema yeye hawezi kubadilisha maneno ya taarifa iliyokwisha kubandikwa mpaka mkutano useme. Marciana akamwambia kichwa kile hakikuwa neno la taarifa. Mwandiko wa Jovin haukuwa na kichwa, kiliwekwa na yeye, kwa hiyo atakiondoa yeye, na mbele ya mkutano atasema hivyo. Lakini kukiondoa peke yake hakutoshi. Kijiji kikisema jedwali hili ni la wanaolima, itabidi kuwe na jingine la wenye mashamba. Jovin akaenda kukaa na wazee wa koo, akina mama na wajomba, shamba kwa shamba, akarudi na karatasi nyingine. Humo walikuwamo wanawake wengi, na wanaume pia, kila mmoja kwenye shamba la upande wa mama yake. Safari hii, juu kabisa, kwa mwandiko wake ule ule wa kuku, alikuwa ameandika kichwa.

Marciana alilichomeka jedwali jipya mbele ya lile la zamani na kulipa kapsheni. Likawa la tatu. La zamani likasogea, likawa la nne, na akalibadilisha jina: "Jedwali la 4: Wanaolima Mashamba ya Bondeni." Orodha ya mbele nayo ikajipanga. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, karatasi nyeupe mkononi, nikinung'unika juu ya rimu nzima inayokwenda kuchapwa upya, ndipo nilipoikumbuka ile sentensi ya hati. Sentensi ile ilipigwa kwa vidole, si kwa kapsheni. Kompyuta haiwezi kuisogeza namba yake. Nilimwambia bado inasema Jedwali la 3.

"Iache hapo hapo," alisema. "Sasa ndiyo imesema kweli."

Jovin alisogea akaisoma ile sentensi, akafungua ukurasa wa Jedwali la 3, akarudi kwenye sentensi. Akasema hilo litaamuliwa na mkutano, kama jedwali jipya linabaki au linatoka. Uso wake lakini ulikuwa umechangamka.

Jumamosi nilifunga duka, jambo ambalo sifanyi hata nikiwa na homa, tukapanda lori la mahindi kwenda Masanze. Marciana alivaa lile gauni la pasi ya mkaa. Njia nzima, kila lori liliporuka shimo, alikuwa akikagua kama taarifa haijakunjika.

Watu walijaa uwanja wa shule. Jovin alifungua mkutano, akaeleza kwamba taarifa ina marekebisho, na kabla hajamaliza Cleopa alikuwa amesimama. Kijana mtanashati, shati jeupe, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alitaka kujua nani aliyebadilisha karatasi iliyokwisha kubandikwa ubaoni, na kwa ruhusa ya nani. Alisema watu wamelisoma jedwali, kaka yake yumo, na serikali haiendeshwi kwa kufuta na kuandika. Wako walioitikia kwa kichwa kukubaliana naye. Karatasi ikishachapwa huwa na nguvu yake, hata ukiijua mwenyewe kwamba ni ya uongo.

Marciana akasimama. Ni mfupi, ilibidi wa nyuma wanyanyuke. Aliwaamkia wazee kwanza, wakaitikia. Akasema jina lake, kwao, na kazi yake.

"Mtendaji aliniletea jedwali halina kichwa," alisema. "Kichwa nilikiweka mimi. Niliwaona wanaume wameandikwa, nikasema hawa ndio wenye shamba, kwa sababu kwetu ndivyo. Mimi mwenyewe nilitolewa kwenye shamba hivyo hivyo, nikaona sawa. Nimewakosea. Wale niliowaandika, wanajua wenyewe kama mashamba ni yao."

Akakaa. Nikajua kwamba mambo yote sasa yako kwa wale wanaume, na kwamba kati yao kuna mmoja ambaye hajawahi kumkatalia mdogo wake. Costancia hakumtazama mumewe. Alikuwa anatazama viatu vyake mwenyewe.

Anselmi alichukua muda kunyanyuka. Mzee wa watu, mabega mapana, kofia ameishika kifuani. Alimtazama mdogo wake, si kwa hasira, nadhani kwa huruma.

"Mimi nalima," alisema. "Shamba ni la kina Costancia. Cleopa, shamba letu liko upande wa mama yetu, na majani yamelijaa. Twende tukalilime."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Cleopa alibaki amesimama kidogo, halafu akakaa, na nilipomwangalia baadaye alikuwa ameinamisha uso kama mtoto aliyeitwa jina lake la nyumbani mbele za watu. Mwanamume mwingine akanyanyuka akasema naye analima tu. Akafuata mwingine. Jovin alipouliza wanaokubali Jedwali la 3 jipya libaki, mikono ilinyooshwa mpaka ya watoto, ikabidi yao ishushwe. Costancia alikuwa amefunika uso kwa khanga, mabega yakimtetemeka, na Anselmi amesimama kando yake hajui aweke wapi kofia.

Nilidhani hadithi imeishia hapo. Mvua za kwanza zilipoanza kunyesha, Costancia akaja tena dukani, safari hii hana karatasi. Alimwambia Marciana kwamba amekaa na wajomba zake, na kwamba pembeni mwa shamba lake, penye unyevu, kuna kipande ambacho mpunga haukipendi ila migomba itakipenda. Alime. Ale. Akichoka au akifa, Oliver aendelee kama anataka. Marciana akamsogezea kiti. Alianza kumshukuru, akaishia kumuuliza kama atakunywa chai.

Oliver alikuja kutoka Mikumi kumsaidia kupanda. Machipukizi Marciana aliyapata kwa watu wa kwao waliohamia huku, aina ile ya kupika, na aliyapanda kwa mistari minyoofu ambayo hata kompyuta ingeiheshimu. Jumapili baada ya ibada ndiko anakokuwa. Tukimtafuta tunajua.

Mwaka jana nilikwenda kumtembelea huko bondeni. Migomba imekuwa mikubwa, inatia kivuli, na yeye yumo katikati anapunguza majani makavu, anaimba kwa Kihaya. Kwenye njia ya kuingilia amesimamisha nguzo, na juu ya nguzo kuna kipande cha bati, maandishi kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, yamekaa katikati ya bati sawasawa. Nilisimama nikayasoma, na mimi mwenye hasira za karibu nikajikuta natafuta leso.

MIGOMBA YA MARCIANA. SHAMBA LA KINA COSTANCIA.